Rehani ya Minazi Tisa

Bi Zarina alizikwa Alhamisi. Habari zilinikuta nimeinama kwenye karai la mafuta, mikono imejaa unga. Nikazima jiko, nikawaacha wateja wangu wanishangae, nikavaa dera jeusi na mtandio, nikaenda mji wa kale kwa miguu. Ghorofani kwake wanawake walikuwa wamejaa mikekani, wengine na juzuu mikononi, na mimi Mgiriama wa kanisani nikapata pa kukaa karibu na mlango wa jikoni, pembe niliyoijua vizuri kuliko wengi waliokuwa mle ndani. Binti yake Nasim, ambaye miaka ile alikuwa akisoma ng'ambo na hatukuonana, alinishika mkono akaniuliza kwa upole, "Samahani dada, wewe ulikuwa nani kwa mama?" Nikamjibu kwamba nilikuwa mpangaji wake. Akaitikia kwa kichwa, akenda kuwashika mikono wengine. Sikumlaumu, maana neno hilo halielezi kitu; mpangaji ni mtu anayelipa akapewa ufunguo, asipolipa akanyang'anywa. Lakini nililia pale mlangoni hata jirani yangu akanipa leso yake, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu na jeuri isiyolingana na mfuko wangu.

Nilikuwa nikikaanga mahamri Kisumu Ndogo, mtaa wa pembeni mwa Malindi, nje ya chumba tulichokuwa tukilala wasichana watatu. Mvua ikinyesha, biashara imekufa. Upepo ukivuma, mchanga umeingia kwenye unga. Asubuhi moja nikipeleka beseni langu mjini nikaona mlango uko wazi, chumba cha mbele kitupu, sakafu ya saruji nyekundu, na nyuma yake jiko lenye dohani na bomba la maji mle mle ndani. Nilisimama pale mpaka mahamri yakapoa. Naona haya kusema, lakini sijawahi kumtamani mwanamume yeyote jinsi nilivyolitamani lile bomba. Nikamuulizia mwenyewe, nikaonyeshwa duka la misumari na rangi lililokuwa pembeni, na ndani yake mwanamke mnene wa makamo, mtandio umemteleza begani, ameketi juu ya kiti kirefu. Watu wake waliingia Malindi kutoka Bara Hindi enzi za babu wa babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha mji wa kale hasa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Waja nunua au waja tazama?"

"Nimekuja kuulizia chumba, Bi Zarina. Nataka kuuza mahamri na mbaazi."

Akaniangalia toka kichwani hadi kwenye ndara zangu. Aliuliza kama nitapika nguruwe, nikasema la. Aliuliza kama nitauza tembo, nikasema la. Kisha akanyoosha vidole vyake vyenye hina. "Nyumba hii ina dhamana za namna tatu. Kodi ya miezi mitatu uiweke mbele, nikurudishie siku ya kutoka ukiniachia kuta zangu salama. Au uniletee mtu mwenye mshahara atie saini, ukishindwa wewe alipe yeye. Au kitu kisichokimbia."

"Kitu gani hicho kisichokimbia?"

"Hilo utaniambia wewe."

Siku hizi nina mkahawa wangu na vyumba viwili vya kupangisha, na kila kijana anapokuja kuulizia, naisikia sauti hiyo hiyo ikinitoka mimi. Mwenye nyumba huogopa. Wapangaji wengi hawalijui hilo, nami wakati ule sikulijua. Nilidhani ni roho mbaya tu. Ile dipoziti ya miezi mitatu ilinichekesha kwa uchungu, maana fedha zangu zote, pamoja na zile nilizoficha ndani ya mto, zilitosha mwezi mmoja na gunia la unga. Nikakimbilia namna ya pili. Baba yangu mdogo, Mwalimu Karisa, alikuwa na mshahara wa serikali na shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na aliponisikiliza alisema, "Hilo ni jambo dogo, mwanangu." Tukaenda pamoja Malindi. Bi Zarina akampa karatasi. Mwalimu aliisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata, na alipofika pale paliposema mpangaji akishindwa mdhamini atalipa bila kuchelewa, kidole kikasimama. Akafunga kalamu. Akaomba maji, akanywa bilauri nzima. Kisha akasema inambidi arudi shuleni kabla ya kengele, akaondoka kwa haraka. Ilikuwa Jumamosi.

Nilimchukia kwa miezi mingi, na nilikosea. Baadaye sana ndipo nilipojua kuwa aliwahi kumdhamini mwalimu mwenzake kwenye mkopo wa chama, yule mwenzake akahamishwa bara na hakuonekana tena, na mshahara wa baba mdogo ukakatwa miaka mitatu wakati watoto wake wanne wako shuleni. Mtu aliyeungua hivyo akiliona tena jiko hurudi nyuma. Lakini jioni ile mimi nilikwenda kijijini kwetu Matsangoni kwa shangazi yangu Sidi, dada yake huyo huyo mwalimu, nikamwaga machozi na maneno machafu. Shangazi alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na tabia yake ilikuwa kukuacha umalize kabisa kabla ya kujibu. Alikuna nazi yake mpaka ikabaki kifuu kitupu, akapangusa mikono kwa kanga.

"Minazi yangu haikimbii," akasema.

Minazi hiyo ilikuwa tisa, nyuma ya nyumba yake, kuelekea shamba la mihogo. Alipewa na babu mbele ya watu, kwa kuwa yeye ndiye aliyebaki nyumbani kumuuguza, na kaka zake waliinyamazia zawadi hiyo bila kuipenda, maana kwetu haikuwa kawaida mwanamke kugawiwa miti. Shangazi aliishi kwa minazi ile. Nazi aliwauzia wachuuzi wa barabarani, na kiangazi akishona makuti. Sasa, kwetu mnazi ukiwekwa rehani, mti unabaki kuwa wako lakini nazi ni za aliyeishika rehani, zote, mpaka siku utakapoukomboa. Haliandikwi popote, linajulikana tu, na mtu akiokota hata moja ya chini huitwa mwizi ingawa ameiokota uani kwake. Kwa hiyo shangazi aliposema maneno yale matatu alikuwa ananipa mwaka mzima wa riziki yake. Mimi nililielewa hilo nusu nusu tu, kama vijana wanavyoelewa wanapotaka kitu sana.

Bi Zarina alikuja Matsangoni mwenyewe, ndani ya pikapu ya duka iliyonuka rangi. Shangazi alikuwa ameita mashahidi wanne, majirani, na kibuyu cha tembo kama ada ilivyo, kwa sababu rehani isiyonywewa kwetu ni mazungumzo tu. Bi Zarina alikuwa amekuja na karatasi iliyopigwa chapa kwa wakili, kwa sababu rehani isiyoandikwa kwao ni mazungumzo tu. Wakakubaliana kufanya yote mawili. Mashahidi wakanywa tembo, yeye akajimiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akanywa pamoja nao kwa heshima. Karatasi ikasomwa: Kache, yaani mimi, nikikosa kodi miezi mitatu mfululizo, minazi tisa itakuwa mali ya mwenye nyumba. Shangazi akabonyeza dole gumba. Kisha Bi Zarina akaivua viatu miguu yake iliyovimba, akauendea mnazi mmoja mmoja, akaugusa kwa kiganja, akihesabu kwa Kigujarati. Nazi hakuna aliyezitaja. Kila mmoja wao alijua sheria yake na hakufikiri kwamba kuna nyingine.

Nikahamia. Natamani ningeweza kuwaeleza wajukuu zangu jinsi ulivyo mzuri uchovu wa mtu anayefanya kazi yake mwenyewe. Kulikucha mikono yangu tayari inauma kwa kukanda, iliki imenikaa kwenye nywele, mbaazi zinachemka polepole katika tui zito, na wafanyakazi wa hoteli wanaingia wawili watatu, wapishi, wafagiaji, wanawake wa kufua mashuka, wanakula wima huku wakisengenya mameneja wao. Nilijua nani amepandishwa cheo, nani ameazima saa ya mgeni akasahau kuirudisha, nani ameposa na mahari imekataliwa. Bi Zarina aliishi juu yangu. Saa nne, wateja wakishapungua, aliteremsha kikapu kwa kamba kupitia dirisha la ngazi, na mimi nilitia mahamri manne. Kikapu kikirudi chini siku nyingine kilikuwa na kachri za viazi, siku nyingine bakuli la dengu, siku nyingine karatasi yenye maneno: "Sukari imezidi." Hatukuwa marafiki. Alikuwa akipita na kidole ukutani kutafuta masizi, na masizi akiyapata alinionyesha kidole bila kusema neno.

Chini ya ngazi palikuwa na mlango mwingine, na siku moja aliufungua akitafuta turubai. Ndani nikaona vyombo vya watu: kitanda cha kamba kilichokatika, cherehani, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, masufuria yamepangwa moja ndani ya jingine, redio, susu ya mtoto. Nikauliza ni vya nani. "Vya wapangaji wa marehemu mume wangu," akasema. "Akikosa kodi mtu, yeye hutia kufuli akachukua vyombo. Sheria ilimruhusu, alivyosema. Hawakurudi kuvikomboa, wengi wao. Nami sina ruhusa ya kuviuza, wala sina raha ya kuviona." Akaufunga mlango. Ile susu ilinikaa moyoni. Ndipo nilipofahamu kwa nini alitaka dhamana yake kabla ya kutoa ufunguo. Hakutaka kamwe kufika pale pa kubeba sufuria ya mtu.

Nyumbani sikwenda. Nasema hivi bila kujitetea. Matsangoni si mbali, lakini kila Jumapili niliona kazi, na kila mwezi nilijiambia nitakwenda mwezi ujao nikiwa na kitambaa kizuri cha kumpelekea shangazi. Yeye ndiye aliyekuja mara mbili, akakaa kwenye benchi, akanywa chai, akala hamri moja. Mbaazi nilipompa alizila taratibu, akakwangua bakuli kwa kidole mpaka likang'aa. Nilifikiri ananisifu mapishi.

Kisha msimu wa wageni ukaharibika. Kila mwaka hoteli hupunguza watu wakati wa mvua, lakini mwaka ule mvua zilikwisha na milango ikabaki imefungwa. Wapishi wakarudi kwao, wanawake wa mashuka wakaanza kufua nguo za mitaani. Wateja wangu wakawa wanne, kisha wawili, na mmoja wao alikuwa anakula kwa ahadi. Mwezi wa tisa wa upangaji wangu sikulipa. Mwezi wa kumi sikulipa. Kikapu kiliendelea kushuka, nami nikiendelea kutia mahamri manne, na ndani yake sikupata tena hata karatasi ya sukari. Mwisho Bi Zarina akashuka mwenyewe, akashika fremu ya mlango.

"Mwezi wa tatu ukitimia wajua karatasi yasemaje," akasema. "Sikutishi. Ijumaa hii nitakwenda Matsangoni niitazame minazi, nijue imesimama vipi."

Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua asiyoipenda, na sauti ile ilinitia hofu kuliko kelele. Nilifunga jiko siku hiyo hiyo nikaenda kumwonya shangazi.

Nilipitia nyuma ya nyumba, njia ya shamba, na nikakwama. Chini ya minazi hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Nazi zilitapakaa kila upande, nyingine zimeoza na kupasuka, nyingine zimekauka, na nyingi, nyingi mno, zimeota, zimetoa chipukizi za kijani hadi magotini mwangu. Miezi kumi hakuna aliyeangua na hakuna aliyeokota. Nikiwa bado nimesimama nikasikia sauti upande wa pili wa ukuta wa udongo. Alikuwa baba mdogo Karisa.

"Dada, fikiri. Yule mama hazitaki nazi. Angezitaka angeleta mkwezi zamani. Anaziacha ziote makusudi, kesho aseme amepanda minazi hapa, adai na ardhi. Niuzie mimi leo. Tutasema ni mali ya ukoo, mwanamke hakuwa na haki ya kuiweka rehani. Karatasi yake itakuwa ya kufungia njugu."

"Nilisema mbele ya watu, Karisa."

"Watu wenyewe walikuwa wamelewa."

"Mimi sikuwa nimelewa."

Kisha baba mdogo akasema kwa sauti nyingine kabisa, ya kaka, "Utakula nini, Sidi?"

Niliingia, nikawaamkia, na baba mdogo akaondoka akiniangalia kwa hasira iliyochanganyika na huruma. Shangazi alikuwa na chungu jikoni. Nikafunua: majani ya mchunga wa porini, umechemshwa kwa maji na chumvi, mweusi, mchungu, hauna tone la tui. Mbuzi ya nazi ilining'inia ukutani, na buibui ametanda kwenye meno yake. Uani nazi zimerundikana, na yeye anakula mboga kavu. Nikamuuliza, nikilia, kwa nini hakuokota hata moja.

"Si zangu," akasema. "Ni za Bi Zarina. Sijui kwa nini haji kuzichukua. Labda amezidharau. Lakini kudharau kwake hakunifanyi mimi kuwa mwizi."

Nikamweleza yote, hoteli, miezi miwili, Ijumaa. Sikuacha kitu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kama kawaida yake, na mimi nikasubiri kupigwa. Akasema tu kwamba kesho tutakwenda Malindi pamoja. Alitaka amkabidhi Bi Zarina minazi kwa mdomo wake mwenyewe kabla tarehe haijafika, na amwombe kitu kimoja, kwamba mimi niachwe kwenye chumba. Usiku kucha nilimsikia akigeuka kitandani. Asubuhi alivaa kanga yake mpya, ile aliyokuwa akiiwekea mazishi.

Bi Zarina alitupokea juu, na kwa kuwa ilikuwa adhuhuri na sisi ni wageni, hakukubali tuseme neno kabla ya kula. Chumba chake cha kulia kilikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki cha maua, makabati ya vioo, na saa ya ukutani iliyosimama. Akaleta wali na kuku wa kupaka, mchuzi wake mweupe mzito unanukia bizari na ndimu. Shangazi akanawa, akaonja. Nikaona mkono wake umesimama njiani. Akafumba macho kidogo. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tutoke Matsangoni, uso wake ukalegea.

"Bi Zarina," akasema, "nazi hii ni ya minazi yetu?"

"Nazi gani?"

"Hii ya mchuzi. Nimefurahi. Nilidhani umezikataa."

Bi Zarina akaweka kijiko. "Mimi? Nile matunda ya rehani? Mama, hiyo ni riba. Marehemu baba yangu angetoka kaburini. Nazi hii nimenunua sokoni."

"Lakini rehani unayo wewe."

"Nimeshika miti. Nazi sikushika. Nazi ni zako, wauza, wala, wafanya utakavyo, tangu siku ile."

Shangazi akatikisa kichwa pole pole. "Kwetu mwenye rehani ndiye mwenye nazi. Mimi siwezi kuzigusa."

Sauti za barabarani zilipanda mpaka pale mezani, mtu akinadi maji ya miwa. Bi Zarina alimtazama shangazi, akanitazama mimi, na niliona anahesabu miezi.

"Hukuzigusa," akasema. "Hata za kuanguka?"

"Hata za kuanguka."

"Mboga zako ulizipikia nini?"

"Maji. Na chumvi."

Bi Zarina akainuka, akaingia jikoni. Tulisikia bomba linafunguliwa, likaachwa limwagike muda mrefu bila chombo chochote kuoshwa. Shangazi aliniuliza kwa kunong'ona kama amemkosea, na mimi nikainamia sahani yangu kwa aibu. Nilikuwa katikati ya wanawake hawa wawili miezi yote kumi. Swali moja tu lingetosha, kwa yeyote kati yao, na sikuliuliza kwa sababu nilikuwa nimeshapata bomba langu.

Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na sauti yake imerudi ile ya dukani. Wakaanza kugombana, na sijapata kusikia ugomvi mtamu kama ule. Zile nazi zilizoota, miche mizima ya kupandwa, zilikuwa za nani? Bi Zarina akasema ni za shangazi, yeye hatii mkono kwenye haramu. Shangazi akasema ni za Bi Zarina, yeye hali cha mwenzake. "Basi zioze," akasema mmoja. "Basi zioze," akasema mwingine. Wali ukapoa. Mwisho Bi Zarina akanigeukia mimi, niliyekuwa nimejikunyata. "Wewe si mwenye rehani, wala si mwenye minazi. Kazibebe. Ukizibeba, ni zako."

Ndivyo ilivyokuwa. Palikuwa na bwana mmoja wa Takaungu aliyekuwa akifungua shamba jipya la minazi. Alikuja na lori, akachagua miche mizuri akaacha mibovu, na bei yake ilifuta miezi yangu miwili na kunibakishia unga. Nilipompelekea Bi Zarina fedha nilimuuliza, kwa utundu, kama si ile ile riba imezunguka mlango wa nyuma. Akasema, "Kodi ni kodi. Simuulizi mpangaji kaipata wapi." Akaihesabu, akaniandikia risiti. Hoteli zilifunguka tena baada ya muda, na chumba kile nilikikaa miaka kumi na moja mingine. Wakati mwingine nilichelewesha kodi, na alinionyesha kidole chake, na nililipa. Hakuna siku aliyonidai dhamana nyingine. Nilipomuuliza sababu alisema ameshaona watu wa kwetu wanavyokilinda kitu kisicho chao, imemtosha. Vile vyombo vya chini ya ngazi tulivitoa pamoja mwaka uliofuata, tukavirudisha kwa wale tuliowapata, na susu ile ilimrudia mama ambaye mtoto wake alikuwa ameshaota ndevu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Ijumaa ile Bi Zarina alikuja Matsangoni kama alivyosema. Mashahidi wale wanne wakaitwa tena, kibuyu kikaletwa, na baba mdogo Karisa pia alikuja, akasimama kando na mikono nyuma. Bi Zarina akaichana karatasi ya wakili vipande vinne, akampa kila shahidi kipande. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba minazi tisa imerudi kwa mwenyewe, miti na nazi, na yeye hana dai juu ya hata kuti moja. Mashahidi wakarudia maneno hayo mmoja mmoja, ndivyo ada itakavyo. Mkwezi akapanda. Nazi zikaanza kuporomoka, kishindo baada ya kishindo, zikabingirika mpaka miguuni petu.

Shangazi hakusogea. Alisimama amejifunga kanga yake mpya, mikono ndani ya kanga, anazitazama.

"Dada, mbona huokoti?" akauliza Bi Zarina.

"Nangoja."

"Wangoja nini tena? Nimeshasema mbele ya watu."

"Nimesikia." Akameza mate. "Mikono yangu imezoea kukatazwa."

Bi Zarina hakumsaidia, wala hakumhimiza, na namshukuru kwa hilo kuliko kwa chumba. Sote tukangoja. Kisha shangazi akatoa mikono kwenye kanga, akainama, akaiokota nazi iliyokuwa karibu, akaikumbatia tumboni, akalia mbele ya mashahidi wote.